Puto Tumboni: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kukubali

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ianze kuwawekea puto tumboni watu wenye uzito mkubwa, neno "puto" limehama kutoka kwenye sherehe za watoto na kuingia saluni, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Huyu anasema shoga yake amepungua hadi hamtambui. Yule anasema kuna mtu lilimpasukia. Wanaotufuata kwa maswali karibu wote huanza na bei. Ni wachache wanaouliza litatolewa lini, na nani, na nani atapokea simu usiku wa pili wakitapika. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya maswali hayo ya pili.

Puto ni nini hasa

Ni mfuko laini wa silikoni. Mgonjwa hulazwa usingizi mwepesi, daktari analipitisha kinywani likiwa limekunjwa, kisha, akiangalia kwa kamera ya endoskopi, analijaza maji ya chumvi, yale yanayotumika kwenye dripu. Puto liitwalo Orbera hujazwa mililita 400 hadi 700, na chupa ndogo ya maji ya dukani ni mililita 500, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Hakuna kisu wala mshono. Likishajaa linachukua nafasi ndani ya mfuko wa chakula na kuchelewesha chakula kuteremka kwenye utumbo, ndiyo maana nusu sahani inamtosha mtu aliyezoea sahani mbili.

Mengi hukaa miezi 6, kisha hutobolewa na kutolewa kwa endoskopi. Lipo pia la Allurion, linalomezwa kama kidonge na kujazwa kwa mrija mwembamba. Baada ya takriban wiki 16 hufunguka lenyewe na kupita njia ya haja kubwa.

Linapunguza kiasi gani? Katika utafiti uliotumika Marekani kuidhinisha Orbera mwaka 2015, waliowekewa walikuwa wamepungua wastani wa karibu kilo 10 puto lilipotolewa, yaani asilimia 10 ya uzito wao. Wenzao waliopewa ushauri wa chakula na mazoezi peke yake walipungua kilo 3 na kidogo. Kilo 10 zinaweza kushusha presha na sukari, na magoti yakapata nafuu. Lakini anayebeba kilo 130 asitegemee kutoka na 70.

Na si la kila mtu. Marekani liliidhinishwa kwa watu wazima wenye BMI ya 30 hadi 40. Kupata BMI yako, chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 85 na mita 1.60 anapata 33. Anayetaka kuondoa kilo 5 ili gauni la sendofu limkae, puto halikutengenezwa kwa ajili yake, hata akimpata wa kumwekea. Halifai kwa mjamzito, kwa mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma sasa, kwa aliyewahi kupasuliwa mfuko wa chakula, wala kwa anayeishi kwa vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Vidonge hivyo vinachubua ukuta wa tumbo, na puto nalo linausugua.

Siku tatu za kwanza

Hapa ndipo watu wengi huudhika, kwa sababu hawakuambiwa. Mwili unaliona puto kama tonge lisilosagika na unajaribu kulitoa. Kichefuchefu, kutapika na msokoto wa tumbo ni kawaida kwa siku mbili tatu, wakati mwingine hadi wiki. Usipange kurudi kazini kesho yake, usisafiri kwenda mkoani, na usibaki nyumbani peke yako.

Adui mkubwa wa siku hizo ni ukosefu wa maji. Kunywa kwa kijiko au funda dogo kila dakika chache: maji, supu iliyochujwa, baadaye uji mwepesi. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au usipokojoa kutwa nzima, rudi hospitali uwekewe dripu. Utapewa dawa ya kuzuia kutapika, na ya kupunguza asidi kama omeprazoli, ambayo kwa kawaida unaimeza kila siku hadi puto litoke.

Mambo matatu husahaulika sana kliniki. La kwanza, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anakula kidogo ghafla, na dozi yake ya zamani inaweza kumwangusha. Dozi ipangwe upya kabla ya puto kuingia. La pili, mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akitapika, vidonge vinatoka pamoja na matapishi. Azungumze mapema kuhusu njia nyingine, hasa kwa kuwa kupungua uzito kunaweza kuongeza uwezekano wa kushika mimba. La tatu ni funga. Ramadhani ikiangukia ndani ya miezi ya kukaa na puto, mwambie daktari kabla ya kuwekewa, maana kunywa kidogo kidogo mchana kutwa ndiyo kazi yenyewe.

Baadaye utarudi kwenye chakula kigumu. Tafuna hadi kilainike, kula polepole, acha vinavyonata kama gundi, na malizia kwa maji kidogo ya kuondoa mabaki juu ya puto. Tahadhari na soda, juisi ya viwandani na aisikrimu. Vinateleza kando ya puto bila kushibisha, na sukari yake yote inabaki kwako.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kuna maputo ambayo maji yake hutiwa rangi ya buluu. Ukiona mkojo umegeuka kijani au buluu, puto linavuja. Njaa ya zamani ikirudi ghafla, shuku hilo hilo. Puto lililonywea linaweza kuteremka na kuziba utumbo: tumbo linajaa, hupati haja wala upepo, unatapika. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa ya kongosho. Choo cheusi kama lami ni damu. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Hatuandiki haya kukutisha, ila usikubali kuambiwa kwamba "halina madhara". Juni 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaandikia madaktari kwamba ilikuwa imepokea taarifa za vifo 12 duniani tangu 2016 vya wagonjwa waliowekewa maputo yaliyojazwa maji. Ukilinganisha na idadi ya waliowekewa ni vichache, lakini vipo.

Vifaa vilivyotangulia

Puto la leo lina babu. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha puto la hewa lililoitwa Garren-Edwards. Likasababisha vidonda na kuziba utumbo, na miaka michache baadaye halikuwa sokoni tena.

Ukafuata mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukazwa kwa sindano kupitia kitundu kilichofichwa chini ya ngozi. Wa kwanza kuuweka kwa matundu madogo bila kupasua tumbo, mwaka 1993 mjini Huy, Ubelgiji, alikuwa Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni. Mkanda ulitamba dunia nzima, kisha ukapungua: kwa wengine uliteleza, kwa wengine ulikula ukuta wa tumbo, na wengi walirudi kuutoa.

Kinachotufundisha zaidi ni AspireAssist, kifaa kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Ulikuwa mrija unaotokea kwenye ngozi ya tumbo, ambao mtu aliutumia kumwaga hadi asilimia 30 ya mlo dakika 20 au 30 baada ya kula. (Ndiyo, tulishangaa pia.) Kilikuwa na kihesabio: baada ya matumizi 115 hivi kinagoma hadi urudi kliniki kupewa kipuri. Wazo zuri, maana lilimlazimisha mgonjwa kuonana na daktari. Mwaka 2022 kampuni ikafunga milango, na vipuri vikaisha nayo.

Kifaa kilicho mwilini kinahitaji wa kukihudumia hadi mwisho, kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, uliza: atakayeniwekea akisafiri, nani hapa anajua kulitoa? Endoskopi ya dharura ipo hapa au ni kwa rufaa? Bei niliyotajiwa inahusisha kutoa, dripu za siku za kwanza, na mtaalamu wa lishe kwa miezi yote 6 na baada yake? Kituo kinachonung'unika kwa maswali haya, kiache.

Puto likipita muda wake, asidi ya tumbo imelidhoofisha na hatari ya kunywea imeongezeka. Andika tarehe ya kutolewa kwenye kadi ya kliniki na kwenye simu yako, kisha mpe mtu mmoja wa nyumbani aiandike kwenye yake. Siku hiyo ikikaribia utaelekezwa kuacha chakula kigumu siku kadhaa kabla na kubaki na vya majimaji, kwa sababu tumbo lenye puto huchelewa kumwaga, na wali wa juzi unaweza kuwa bado upo.