Binti yangu anataka kusomea upasuaji wa mikono

Mama wa Kidia,

Unasema mzee wako amenuna kusikia binti anataka upasuaji wa kurekebisha maumbile, hasa wa mikono: kahawa na ng'ombe viliuzwa ili apatikane daktari, si "fundi wa kuchonga pua za matajiri". La pua tulimalize haraka. Kwetu huku, mpasuaji wa kurekebisha maumbile anahangaika zaidi na mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, kidonda kikapona huku vidole vimejikunja na kugandana na kiganja. Anashona mdomo sungura. Na huko mlimani Kilimanjaro mnakofugia bandani, mkono ukiingia kwenye mashine ya kukatia majani, ndiye anayeunga kano na mishipa ya fahamu, akahamisha ngozi ya paja kuziba jeraha. Baadaye huja miezi ya mazoezi, maana kano iliyoungwa ikiachwa tu hunata na kidole hakikunjiki.

Mwambie pia mzee habari za Michael Wood. Alikuwa mpasuaji wa fani hiyohiyo, mwanafunzi wa Archibald McIndoe, yule aliyewatibu marubani walioungua vitani huko Uingereza. Wood alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro hiyohiyo, na mwaka 1957 yeye, McIndoe na Tom Rees wakaanzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Urembo gani huo?

Lakini nahisi kinachokuuma wewe ni miaka. Mitano ya shahada na mmoja wa mafunzo kwa vitendo ameshaimaliza. Akipitia Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao Arusha, kuna miaka 2 ya misingi ya upasuaji na mtihani, kisha 3 ya fani yenyewe na mtihani mwingine. Akitaka kubobea kwenye mkono peke yake, ataongeza tena. Ni mingi, asikufiche.

Nafuu ni kwamba mafunzo hayo hufanyika hospitalini, chini ya bingwa, mwanafunzi akiwa kazini. Kwa hiyo muulize: hospitali ipi itampokea, bingwa gani atamsimamia, mshahara atalipwa na nani, na ada za mitihani zitatoka wapi?

Kisha, kwa kuwa miaka hiyo itagusa mfuko wa nyumba, kaeni watatu, wewe, mzee na binti, mzungumzie ada ya mdogo wake anayeingia kidato cha tano Julai. Hilo liamuliwe kabla binti hajajaza fomu ya kuomba mafunzo.