Mbona walivuta maji polepole?

*Kisima chetu hapa Matondoni kimeingia chumvi. Waliokuja kupima walivuta maji polepole, karibu saa nzima. Si wangetia ndoo tu? — Msomaji, Lamu*

Ndugu msomaji, hawakukupotezea wakati. Kisiwani mwenu maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Ndoo huyavuruga na kutibua tope. Pampu ya nguvu huinua chumvi. Kwa hivyo huvutwa chini ya nusu lita kwa dakika, maji kisimani yasishuke zaidi ya sentimita 10 hivi, hadi vipimo vya chumvi, joto na asidi vitulie. Hapo ndipo chupa hujazwa.

Nanyi tekeni kidogo kidogo. Choo nacho kikiwa karibu na kisima, vijidudu vyaweza kuingia majini: mwiteni afisa wa afya ya umma, na maji ya kunywa yachemsheni. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi haiondoki.