Kifaa cha Kinywani kwa Wakoromao na Wanaokatikiwa na Pumzi Usingizini

Wengi huuchukua mkoromo kuwa dalili ya usingizi mnono. Mlio ule, hata hivyo, ni wa hewa inayojipenyeza kwa shida. Mtu alalapo, misuli ya ulimi na koo hulegea. Akilala chali, taya la chini hurudi nyuma na ulimi hulalia koo. Njia ya hewa ikibanwa kidogo, kaakaa laini hutikisika na mkoromo husikika. Ikizibwa kabisa, mkoromo hukoma ghafla, kifua huhangaika bila kupata hewa, na oksijeni hushuka katika damu mpaka ubongo umzindue mgonjwa, naye avute pumzi kwa kishindo. Hali hii huitwa apnia ya usingizi. Kimya kile cha katikati ndicho cha kuogopwa kuliko mkoromo wenyewe.

Pumzi huhesabiwa kuwa imekatika isipopita kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, pumzi ikikatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni hafifu. 15 hadi 29 ni wa wastani. 30 na kuendelea ni mkali. Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hana habari. Anachokijua ni kuamka kichwa kikimuuma, kusinzia kazini au, vibaya zaidi, akiwa ameshika usukani, na pengine shinikizo la damu lisilotulia kwa dawa. Shahidi ni mwenzi wa kitandani, naye mhudumu wa afya hana budi kumwuliza.

Wazo la kulitibu koo kwa kulisogeza taya si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Mfaransa Pierre Robin alitumia kifaa cha namna hiyo kwa watoto wenye taya dogo la chini. Kifaa cha leo huwa na viganda viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu na kingine cha meno ya chini, vilivyounganishwa ili taya la chini lishikiliwe mbele usiku kucha. Ulimi, kwa kuwa umeshikamana na taya hilo, husogea nalo, na njia ya hewa hupanuka.

Kabla ya kukitengeneza, daktari wa meno hukagua fizi, kiungo cha taya na uimara wa meno, kwani mzigo wote huegemea hapo. Meno yanayolegea au yaliyobaki machache hayaubebi. Taya halivutwi kwa pupa. Aghalabu huanzia karibu nusu ya umbali linaoweza kusogea, kisha huongezwa milimita moja au pungufu kila mara, kwa majuma kadhaa. Mwanzoni mate hujaa au kinywa hukauka, na taya huuma asubuhi. Mara nyingi hayo hupungua. Lisilopaswa kufichwa ni kwamba kwa miaka mingi meno huweza kuhama na namna ya kuuma ikabadilika. Ndiyo maana mgonjwa huendelea kuonwa hata akijisikia vizuri.

Kwa ugonjwa mkali, mashine ya kusukuma hewa kupitia puani, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Australia mwaka 1981, ndiyo inayotangulia, kwani hupunguza kukatika kwa pumzi kuliko kifaa cha kinywani. Lakini mashine iliyofungiwa kabatini haimtibu mtu. Kifaa kidogo kinachovaliwa kila usiku, kisichohitaji umeme, huweza kumfaa zaidi aliyeshindwa kuivumilia. Mwongozo wa vyama vya Marekani vya tiba ya usingizi, wa mwaka 2015, unaruhusu jambo hilo kwa watu wazima.

Hatari iko kwenye vifaa vya dukani, vinavyolainishwa kwa maji ya moto na kuumwa nyumbani. Mkoromo huweza kunyamaza, familia ikafurahi, ilhali pumzi inaendelea kukatika kimyakimya na moyo kuumia. Hivyo kipimo cha usingizi hutangulia kifaa, na hurudiwa taya likishafikishwa mahali pake, mgonjwa akiwa amelala na kifaa kinywani. Mtoto akoromaye ni suala jingine: kwake huanza kuchunguzwa mafindofindo.