Hatamu Salama kwa Punda wa Mzigo



Katika miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Kapchorwa na Bukwo hadi Suam, punda ndiye mbebaji wa mahindi, maji na kuni za kaya nyingi. Punda akiumia, kaya hupoteza usafiri wake. Anayemwongoza, ambaye mara nyingi ni mtoto, naye huweza kuburuzwa. Somo hili linahusu chombo kidogo kinachowalinda wote wawili, yaani hatamu ya kichwani, na jinsi ya kuchagua kitu cha kuitengenezea.

Kanuni ya msingi

Punda, kama farasi, akishtuka huku amefungwa hurudi nyuma kwa nguvu zake zote. Mvuto huo wote huangukia kisogo, nyuma ya masikio. Hatamu isipoachia, mnyama huweza kuumia shingo au hata kufa. Kwa hiyo hatamu njema hushika katika kazi ya kila siku, lakini huwa na mahali pamoja panapokatika kabla mnyama hajaumia.

Vitu vya kutengenezea

Ngozi ni bora. Hulainika kwa kutumiwa, na mvuto ukizidi hukatika. Ifutwe jasho, ipakwe mafuta, na ikunjwe kila juma ili kuona kama ina nyufa.

Pamba iliyosukwa ni laini na ya gharama nafuu, ila huoza ikiachwa na unyevu. Ianikwe kivulini.

Nailoni ni imara na haiozi, na hapo ndipo ilipo hatari yake: haikatiki kwa urahisi, na ikisugua kwa kasi huunguza ngozi ya mnyama na kiganja cha binadamu. Anayeitumia ahakikishe ni pana, na aifunge kwa kiungo dhaifu kitakachoelezwa hapa chini.

Katani hukwaruza. Ikitumika kichwani, izungushiwe kitambaa puani na kisogoni.

Waya, mnyororo na vipande vyembamba vya tairi visitumike kichwani kamwe. Hukata ngozi, na kidonda kikipona, mara nyingi nywele huota nyeupe mahali pale.

Kiungo dhaifu

Chukua uzi mwembamba wa katani ambao mtu mzima akiuvuta kwa uzito wake hukatika. Ufunge kitanzi kwenye nguzo, kisha funga kamba ya punda kwenye kitanzi hicho, si kwenye nguzo yenyewe. Mnyama akishtuka, uzi hukatika na kisogo husalimika. Usitumie uzi wa plastiki, kwa maana haukatiki upesi. Fundo la kamba liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja wa ncha.

Kipimo

Mkanda wa pua ukae upana wa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka zaidi hubana sehemu laini na kuzuia pumzi. Kati ya mkanda na pua vipite vidole viwili. Bizimu na pete ziwe laini, zisizo na kutu wala ncha kali.

Punda anayeongozwa kwa miguu hahitaji lijamu mdomoni. Anayelazimika kuitumia achague ya chuma kisichoshika kutu, iliyo laini, na akague pembe za mdomo kila siku.

Mwenye kuongoza

Kamba ya kuongozea isizungushwe kiganjani wala kufungwa kiunoni. Ishikwe kwa kukunjwa, ili ipate kuachiwa mara moja. Wazazi wawafundishe watoto jambo hili kabla ya kuwakabidhi mnyama.

Usiku na barabara

Huenda msomaji akauliza: kiungo kikikatika usiku, punda hataingia barabarani? Ataingia, na katika barabara ya lami ya Kapchorwa hadi Suam, mnyama asiyeonekana gizani ni hatari kwa wenye magari na bodaboda. Kwa hiyo kiungo dhaifu ni cha mchana, mbele ya macho ya mwenye mnyama. Usiku punda alale zizini, hatamu ikiwa imevuliwa ili isinase kwenye uzio.

Sheria

Uganda na Kenya zote zina sheria za kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Ile ya Kenya ni Sura ya 360. Kumtesa mnyama bila sababu ni kosa upande huu wa mpaka na upande ule. Anayemwona punda mwenye jeraha la waya aanze kwa kuzungumza na mwenyewe kwa upole; akikaidi, taarifa ifikishwe kwa afisa wa mifugo au kituo cha polisi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uimara wa nailoni huweza kuwa hatari?
2. Kitanzi cha uzi hufungwa wapi, na kwa sababu gani?
3. Hatamu ya punda wako ingepitisha vidole vingapi leo?

Swali la tatu lijibiwe zizini, si kitabuni.