Padre Anaposhitakiwa: Sisi Washarika Tufanyeje?

Someni kwanza: 1 Timotheo 5:17–22, Yohana 7:45–52, na Habari za Susana katika vitabu vya Apokrifa.

Ndugu wapenzi, ziko habari ambazo zikifika katika parishi hazihitaji kupigiwa kengele. Padre ameshitakiwa kwa kosa kubwa, au pengine hata Askofu. Kabla jua halijatua watu wamekwisha gawanyika. Hawa wasema, "Haiwezekani, yule ni mtu wa Mungu." Wale wasema, "Sisi tulijua tangu zamani." Ukiwauliza wa kwanza wamejuaje, watakueleza jinsi anavyohubiri, na jinsi alivyowazikia wazee wao. Ukiwauliza wa pili, watakuambia kwamba mapadre wa siku hizi ndivyo walivyo. Wote wamesema habari za kanzu. Juu ya jambo lenyewe linalodaiwa kutendeka hakuna aliyesema neno.

Katika somo hili tutaangalia mashauri mawili ya Uingereza, yote yanayohusu maaskofu waliotumika katika Dayosisi moja, ile ya Chichester. Tumeyachagua kwa kuwa yamekwisha chunguzwa hadharani na taarifa zake zimechapishwa, hivyo hatusemi habari za uvumi. Tena katika moja watu walikosea kwa kutetea, na katika jingine walikosea kwa kuhukumu.

La kwanza ni la Peter Ball. Mwaka 1960 yeye na ndugu yake pacha walianzisha jumuiya ya kitawa. Mwaka 1977 akawa Askofu wa Lewes, askofu msaidizi katika Dayosisi ya Chichester, na mwaka 1992 akawa Askofu wa Gloucester. Alivaa joho la mtawa, alikula kidogo, alisali sana, na vijana walikwenda kukaa nyumbani kwake kwa mpango wa kutoa mwaka mmoja kwa ajili ya Kristo. Mwishoni mwa mwaka 1992 kijana mmoja miongoni mwao alisema kwamba Askofu alimtendea mambo ya aibu kwa kisingizio cha maisha ya kiroho. Polisi wakamkamata Askofu.

Basi barua zikaanza kumiminika. Wabunge, majaji na walimu wakuu wa shule kubwa waliandika kwamba mtu mtakatifu kama huyu hawezi kutenda jambo kama hilo. Lakini zilikuja pia barua saba za namna nyingine katika ofisi ya Askofu Mkuu wa Canterbury, George Carey, kutoka kwa watu waliokuwa na habari zao wenyewe juu ya mwenendo wa Askofu huyo. Katika hizo saba, polisi walipelekewa moja tu. Mwezi Machi 1993 Peter Ball alipokea onyo rasmi la polisi, ambalo mtu hupewa akikiri kosa bila kufikishwa mahakamani, akajiuzulu. Kwa wengi alionekana kama mtu aliyeonewa. Baadaye akaruhusiwa tena kuongoza ibada.

Ilipita miaka 22. Mwezi Oktoba 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 32, baada ya kukiri mwenyewe makosa yaliyowahusu vijana 18. Yule kijana wa kwanza hakuiona siku hiyo, maana alijiua mwaka 2012. Mwaka 2017 Bibi Moira Gibb alitoa taarifa ya uchunguzi wake, ambayo ilionyesha kwamba Kanisa lilimjali Askofu kuliko waliodhurika. Baada ya taarifa hiyo Carey aliacha kazi ya uaskofu wa heshima aliyokuwa nayo katika Dayosisi ya Oxford.

Tuzitazame tena zile barua za sifa. Hatuna sababu ya kudhani walioziandika walikuwa waongo. Huenda kila mmoja alisema kweli kuhusu yale aliyoyaona: sala, unyenyekevu, ukarimu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo chumbani. Sisi tuliofundisha twajua kwamba mwanafunzi aweza kujibu kwa ufasaha sana swali ambalo hakuulizwa; barua zile zilikuwa majibu ya namna hiyo.

Shauri la pili lamhusu George Bell, aliyekuwa Askofu wa Chichester tangu 1929 hadi 1958, mwaka aliofariki. Huyu alikuwa rafiki wa Dietrich Bonhoeffer. Aliwasaidia waliokimbia utawala wa Hitler, na mwezi Februari 1944, wakati taifa lake limo vitani, alisimama katika Baraza la Malodi kupinga kutupwa mabomu juu ya miji ya Ujerumani na wakazi wake. Mwaka 1995 mama mmoja aliandika kwamba alipokuwa mtoto Askofu Bell alimdhulumu. Wakati huo hakusaidiwa ipasavyo, na jambo hilo peke yake ni la kusikitisha. Alileta tena habari yake baada ya miaka mingi, na mwezi Oktoba 2015 Kanisa likatangaza kwamba limemwomba radhi na kumlipa fidia.

Angalieni mwezi huo. Ni ule ule aliofungwa Peter Ball. Tunavyoona sisi, watu waliokwisha aibika kwa kuficha walikuwa sasa na hofu ya kuonekana wanaficha tena. Magazeti yalimwandika marehemu kana kwamba ametiwa hatiani mahakamani. Nyumba ya Kanisa iliyokuwa na jina lake mjini Chichester ikabadilishwa jina, na shule moja mjini Eastbourne vivyo hivyo.

Wengine wakauliza: ni nani aliyemsemea marehemu? Mwaka 2016 Kanisa likakubali shauri hilo lichunguzwe, nalo likakabidhiwa mwanasheria Lord Carlile. Taarifa yake ilitoka Desemba 2017. Hakutakiwa kuamua kama Askofu Bell alitenda au hakutenda, bali kuangalia jinsi shauri lilivyoendeshwa. Akaona kwamba lilifanywa kwa haraka, na kwamba katika kamati hapakuwa na mtu wa kuutetea upande wa marehemu. Hata kasisi aliyewahi kukaa katika nyumba ya Askofu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa bado hai, wala hakuhojiwa. Madai mengine yaliyoletwa baadaye yalichunguzwa, na mwezi Januari 2019 ikaamuliwa kwamba hayana msingi. Askofu Mkuu Justin Welby, aliyekuwa amesema mwaka 2017 kwamba jina la Bell limefunikwa na wingu zito, aliliondoa neno hilo hadharani mwezi Novemba 2021.

Yafaa tuseme jambo moja hapa, maana wengi hulisahau. Kudai kwamba Askofu Bell apewe haki ya kusikilizwa si kumwita mama yule mwongo. Haraka ile haikumsaidia hata yeye, kwa kuwa neno lake halikupimwa kwa namna ambayo watu wangeweza kuliamini.

Sasa turudi kwenye Maandiko. Mtume Paulo amwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu. Aya hiyo hupenda sana kutumiwa na watetezi, nao huishia hapo. Lakini Paulo hakuishia hapo. Anaendelea kusema kwamba wadhambi wakemewe mbele ya wote, na kwamba hayo yafanywe bila upendeleo. Tena, dhambi za aina hii hutendwa faraghani. Anayengoja mashahidi wawili waliotazama kwa macho atangoja mpaka siku ya mwisho.

Hata hesabu ya mashahidi peke yake haitoshi. Katika Habari za Susana mashahidi walikuwa wawili, tena wazee na waamuzi wa watu. Mkutano ukawaamini kwa sababu ya cheo chao, naye mwanamke akaamriwa kufa. Danieli alifanya nini? Hakuhubiri juu ya wema wa Susana. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake swali moja dogo: uliwaona chini ya mti gani? Wakataja miti miwili mbalimbali. Nikodemo naye, katika Yohana 7, hakuwaambia wenzake kwamba Yesu ni mwema. Aliwauliza tu kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia.

Na tusidhani Kanisa letu halikuliwaza jambo hili. Kanuni ya 26 katika zile Kanuni 39 za Dini hukumbukwa kwa sehemu yake ya kwanza, kwamba ubaya wa mhudumu hauondoi neema ya Sakramenti. Ni faraja kubwa kwa aliyebatizwa au kuoana mbele ya padre aliyeanguka: ubatizo wake ni ubatizo, na ndoa yake ni ndoa. Lakini sehemu ya pili husomwa na wachache. Yasema kwamba wahudumu waovu wachunguzwe, washitakiwe na wale wanaoyajua makosa yao, na wakionekana na hatia kwa hukumu ya haki, waondolewe. Basi anayeleta mashitaka kwa kweli si adui wa Kanisa. Anatimiza agizo lake.

Mwaka 2019 Baraza la Ushauri la Kianglikana, lilipokutana Hong Kong, lilipokea mwongozo wa usalama wa watu wote katika Kanisa, hasa watoto, kwa ajili ya majimbo yote ya Ushirika wetu. Katika parishi mwenendo wake si mgumu. Mtoto akisema, asikilizwe mpaka amalize, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, bila kumtilia maneno kinywani. Habari ipelekwe kwa wenye mamlaka ya kuchunguza; kosa la jinai ni la polisi, si la kikao cha wazee wa kanisa. Padre akae kando ya kazi wakati wa uchunguzi, wala kukaa kando kusihesabiwe kuwa ni hatia. Na familia zote mbili zitembelewe. Hili la mwisho ndilo tunaloliona likisahauliwa zaidi: mke na watoto wa padre huketi peke yao, na mama wa aliyelalamika huhama kanisa.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

Walioandika zile barua za sifa mwaka 1992 wangeweza kuandika nini ambacho kingekuwa cha haki kwa pande zote mbili?

Kwa nini Danieli aliwatenga wale mashahidi? Sisi twaweza kufanya nini ili habari za mdomoni zisichanganyike kabla wachunguzi hawajafika?

Katika parishi yetu, mtoto au mama mwenye lalamiko juu ya padre angemwendea nani? Je, watoto wa shule ya Jumapili wanamjua mtu huyo kwa jina?