KLACHI AU GIA? Namna ya Kuijua Taabu ya Pikipiki Kabla ya Kuifungua Injini

Siku hizi mazao mengi ya kandokando ya Mto Tana huanza safari yake juu ya pikipiki. Ndizi, maembe, matikiti na vitunguu hufika soko la Garissa vikiwa vimefungwa nyuma ya kiti, na maziwa ya ngamia kutoka maboma ya mbali huletwa katika mitungi namna iyo hiyo. Pikipiki ikikwama mchangani saa tano ya mchana, maziwa hayangoji. Kwa hiyo mwezi huu somo letu si la mbegu wala la dawa ya kupe, bali ni la klachi na gia.

Wenye pikipiki kuukuu hulalamika kwamba gia haziingii, au kwamba injini inanguruma na pikipiki haiendi. Fundi asiye na subira husema papo hapo, "Giaboksi imekufa," na injini hupasuliwa vipande viwili. Kazi hiyo hula siku na fedha, na injini iliyofunguliwa chini ya mti penye vumbi hupata mchanga ndani yake. Mara nyingine fundi amesema kweli. Lakini mara nyingi kosa liko nje ya injini, au katika oili, na mwenye pikipiki angeweza kulijua mwenyewe kwa nusu saa.

Kwanza ujue klachi ni nini. Katika pikipiki nyingi za kazi, kama Boxer na TVS, klachi imo ndani ya kifuniko cha kulia cha injini. Ni pleti nyembamba zilizopangwa kama anjera katika sinia: moja yenye utando wa kushika, moja ya chuma kitupu, na kuendelea hivyo. Springi huzibana pamoja. Bonyeza rundo la anjera kwa kiganja ukazungushe, nalo lote litazunguka pamoja. Legeza kiganja, nayo ya juu itateleza peke yake. Ukivuta mkono wa klachi unalegeza kiganja, nguvu ya injini haifiki kwenye gia. Ukiuachia, springi hubana tena.

Basi klachi ina maradhi mawili yaliyo kinyume: ama haibani, ama haiachii. Usiyachanganye, maana dawa zake ni mbali mbali.

Klachi isiyobana huteleza. Ukiwa na mzigo, katika gia ya tatu au ya nne, ongeza mafuta ghafula. Sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Pengine utasikia harufu ya kuungua. Lakini tazama mnyororo pia, kwa sababu spoketi iliyolika meno huufanya mnyororo uruke, na mtu huilaumu klachi bure. Mnyororo unaoruka hupiga kelele ya ka-ka-ka. Klachi inayoteleza hainongoni hata neno.

Kabla ya kununua pleti mpya, shika mkono wa klachi. Lazima ucheze kidogo kabla ya waya kukaza, kwa kawaida milimita 2 au 3 pale mkono unapokutana na kitako chake. Usipocheza hata kidogo, ni kana kwamba unaivuta klachi mchana kutwa, na springi hazipati nafasi ya kubana. Pleti zinapolika, nafasi hiyo hupungua yenyewe, kwa hiyo ilegeze kwa nati ya waya mara kwa mara. Waya unaonata ndani ya ganda lake kwa vumbi nao haurudi vizuri. Utie oili, au ununue mwingine, kwani bei yake ni ndogo.

Kisha uulize: ni oili gani iliyomo? Hapa ndipo wengi hupotea. Katika pikipiki hizi oili moja hulainisha injini, gia na klachi. (Wazee waliopanda BSA za zamani walitia oili ya giaboksi mahali pake mbali, na injini mahali pake.) Baadhi ya oili za motokaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Ni njema kwa motokaa, lakini klachi yako huishi kwa msuguano. Tazama ubavuni mwa chupa: pikipiki yenye klachi ndani ya oili hutaka alama ya JASO MA au MA2. Alama ya MB si yako. Oili ikiwa si sahihi, imwage, tia inayofaa, tembea siku chache, ndipo uhukumu.

Sasa tuje kwenye klachi isiyoachia. Dalili zake ni hizi: umevuta mkono mpaka mwisho, umetia gia ya kwanza, na pikipiki inataka kwenda au injini inazimika, gia huingia kwa kishindo, na ukisimama huipati nyutro. Hapa ndipo gia husingiziwa kuliko mahali pengine popote.

Fanya jaribio hili, ambalo kwangu mimi ni bora kuliko yote. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukiingiza gia moja moja, kupanda na kushuka. Zikiingia zote bila shida wakati injini imezimwa, na zikagoma inapowaka, usiruhusu mtu afungue giaboksi. Kosa ni la klachi. Mara nyingi waya umelegea, mkono unacheza sana, na kuvuta kwako hakufiki ndani. Kaza waya. Ikiwa waya uko sawa na klachi bado haiachii, fundi afungue kifuniko cha kulia peke yake, atazame kama pleti za chuma zimepinda kwa joto. Kazi hiyo haihitaji kupasua injini.

Joto hilo hutoka wapi? Hutoka mchangani. Mwendeshaji aliyepakia magunia mawili na abiria hushika klachi nusu, akaongeza mafuta, akasukuma hivyo hatua mia. Pleti huungua. Afadhali abiria ashuke.

Gia zenyewe zikiwa na kosa, dalili ni nyingine. Gia moja, ile ile kila siku, hutoka yenyewe ukiwa na mzigo: huenda meno yake yamelika au uma unaoisukuma umepinda. Pedali ya gia ikibaki chini isirudi, springi yake ya ndani huenda imekatika. Hata hivyo shika kwanza pedali yenyewe uitikise, kwani bolti yake ikilegea hucheza juu ya shafti na gia hazifiki. Mwisho, mwaga oili ikiwa na joto kidogo katika chombo safi. Unga mwembamba wa kijivu si ajabu. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ndivyo vinavyokupa ruhusa ya kupasua injini.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Katika mafuriko ya Novemba 2023, barabara ilipokatika huko Madogo, wako waliovusha pikipiki katika maji. Aliyezamisha injini asiiwashe kabla ya kubadilisha oili.

Na ikibidi kununua pleti mpya, zenye utando zilowekwe katika oili safi usiku kucha kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu, huweza kuungua siku ya kwanza.