Kwa baiskeli kwenye Njia ya Kongo-Nile

SWALI: Mimi na mwenzangu wa Arusha tunataka kupita Njia ya Kongo-Nile, Rwanda, kwa baiskeli za milimani. Tumeambiwa ni njia ya watembea kwa miguu. Je, tutaiweza?

JIBU: Mtaiweza, na baiskeli zinaruhusiwa. Ni kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Kwa kawaida mtembea kwa miguu hutengewa siku 10, mwendesha baiskeli 5. Mimi ningewatengea 6, maana huko tambarare ni adimu: unashuka hadi usawa wa ziwa, mita 1,460 hivi, kisha unapanda tena, kutwa.

Kinachowaponza wengi si mapafu, ni breki. Kabla ya kuondoka fungueni pedi mzitazame. Zikiwa zimebaki na unene wa chini ya milimita 1 badilisheni, na mbebe za akiba. Kwenye mteremko mrefu msishikilie breki mfululizo: bana, achia, bana tena, zipate kupoa. Kuelekea Kinunu njia inakuwa nyembamba katikati ya mibuni. Hapo shukeni msukume, na mwenye mzigo kichwani apite kwanza.

Nendeni kati ya Juni na Agosti. Wakati wa masika udongo hujaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na hapo hakuna gia itakayowasaidia. Mkizidiwa, barabara ya lami haiko mbali. Ila muwe macho mkiingia humo: Rwanda magari hupita kulia.